WAMEOKOKA, ILA MIDOMO BADO IKO PALEPALE

Jumapili asubuhi staa anaposti picha: gauni jeupe, Biblia mkononi, chini kaandika "Mungu kwanza". Mashabiki wanajaza Amina. Jioni ya siku hiyohiyo shabiki mmoja anauliza kistaarabu tu, mbona nyimbo za siku hizi hazina ladha kama za zamani? Jibu linashuka kama mvua ya mawe: umefubaa, ndiyo maana bwana kakukimbia, nenda kalipe kodi ya chumba kwanza ndipo uje kuongelea muziki. Yapo na mengine yasiyoandikika. Kufika saa tatu usiku skrinishoti zimezunguka magrupu yote ya WhatsApp na watu wanacheka: "Leo kamchamba huyo!"

Hatajwi mtu hapa, na hakuna haja. Kila anayesoma ana jina lake kichwani tayari, na majina hayo wala hayafanani. Hapo ndipo ilipo aibu.

Wokovu wa mjini siku hizi unabadilisha vitu vingi. Mtu anaacha pombe, anabadilisha mavazi, anafuta picha za zamani, anamblock hadi ex. Kitu kimoja hakiguswi: mdomo. Huo unaachwa kama ulivyo, tena unasifiwa kama kipaji. Hata makanisani ni hivyohivyo. Muumini akionekana na bia anaitwa kikaoni. Akimtukana mtu mbele ya wafuasi laki tano, anaambiwa "tunakuombea, adui anakupiga vita". Aliyetukanwa hakuna anayemuombea.

Wenye midomo hiyo wana utetezi wa aina tatu, na wote hausimami.

Wa kwanza: "Mimi ni mkweli, sinaga unafiki." Sawa, lakini huyo mkweli akikaa mbele ya mdhamini mwenye hela yake, ulimi unalainika ghafla. Ni shikamoo mzee, nashukuru sana mzee, Mungu akubariki mzee. Kumbe breki anazo! Anazikanyaga kwa wenye pesa na kuziachia kwa dada wa kazi, dereva, mpiga picha na shabiki aliyejiunga bando la buku. Hiyo siyo asili ya mtu, wala siyo ukweli. Ni hesabu ya nani anaweza kumfanya nini. Na kumwambia mtu ana sura mbaya kunamsaidia nini? Ukweli wa kweli una faida kwa anayeambiwa.

Wa pili: "Nilichokozwa." Inawezekana kabisa, maana mtandaoni kuna watu wanaamka asubuhi kazi yao ni kuchokoza. Lakini asome kitabu cha Hesabu sura ya 20. Musa alichokozwa na umati mzima jangwani, wanalia maji, wanamlaumu yeye. Mungu alimwambia auambie mwamba utoe maji. Musa, kachoka na hasira imempanda, akawaita watu waasi na akaupiga mwamba mara mbili kwa fimbo. Maji yalitoka, watu wakanywa. Ila Kanaani hakuingia, aliishia kuiona kwa mbali. Zaburi ya 106 inayasema yote mawili: watu ndio waliomchokoza, na yeye ndiye aliyesema bila kufikiri. Kuchokozwa hakukufuta alichosema. Kama Musa hakupewa msamaha wa "nilichokozwa", sembuse mtu aliyekerwa na maoni matatu ya akaunti feki?

Wa tatu ndio wanaupenda kuliko yote: "Hata Yesu alipindua meza!" Kweli alipindua. Lakini meza hizo zilikuwa za nani? Za wafanyabiashara waliogeuza hekalu soko. Maneno yake makali nayo waliyapata wakubwa wa dini, watu wenye vyeo na heshima mjini. Kipofu aliyempigia kelele pale Yeriko, watu wakamwambia anyamaze, Yesu alisimama akamuuliza anataka nini. Mwanamke aliyefumaniwa na kuburutwa mbele ya umati hakutukanwa. Zakayo, mtoza ushuru aliyechukiwa mtaa mzima, aliombwa akaribishe mgeni nyumbani kwake. Ukali wa Yesu ulipanda juu kwa wenye nguvu, wa mastaa unashuka chini kwa wasio na la kufanya. Na alipotukanwa yeye mwenyewe, akiwa msalabani, aliwaombea waliomtesa. Meza wanaikumbuka, msalaba wanausahau.

Sasa iko stori moja ambayo wapenda vijembe wote wanapaswa kuisoma, 1 Samweli sura ya 1. Elkana alikuwa na wake wawili. Penina alikuwa na watoto, Hana hakuwa nao. Kila mwaka familia ilipopanda kwenda Shilo kuabudu, Penina alimsimanga Hana kwa ajili ya tumbo lake mpaka akawa analia na chakula hakiliki. Vijembe hivyo vilitolewa kwenye safari ya ibada! Mwanamke anakwenda kumwabudu Mungu, na njiani anamchoma mwenzake pale anapoumia zaidi.

Bado anakumbana na mtumishi. Hana anaomba kimyakimya, midomo inacheza, sauti haitoki. Kuhani Eli anamwangalia, anahukumu kwamba amelewa, anamkaripia. Hapo Hana alikuwa na kila sababu ya kutoa povu, mbele ya watu, na povu lingekuwa halali. Alichofanya ni kumjibu kwa heshima kwamba hajalewa, ana uchungu moyoni na alikuwa anammiminia Mungu shida zake. Hakunyamaza wala hakujidhalilisha. Alisema ukweli wote na hakumvunjia mzee heshima. Eli akageuza kauli, akamwambia aende kwa amani. Baadaye Samweli akazaliwa.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo mjini hawataki kuiona. Upole siyo ubwege wala kuchekacheka na kila mtu. Mpole anasema "hapana", anadai haki yake, anakataa kuonewa. Asichofanya ni kutafuta kidonda cha mwenzake ili akitie chumvi. Leo wapo Penina wangapi wanaomwita mwenzao mgumba hadharani, halafu posti inayofuata ni ushuhuda wa jinsi Mungu alivyowabariki watoto?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa, na ina faini na kifungo. Lakini sheria inaishia kwenye ushahidi. Haifiki chumba cha mekapu, haifiki jikoni anakofokewa binti wa kazi. Imani ndiyo inayodai kufika huko.

Na haifiki kwa siku moja. Paulo, kwenye Wagalatia sura ya 5, anauweka utu wema na upole kwenye orodha ya tunda la Roho, na tunda halidondoki siku ya ubatizo. Linakua, tena polepole. Mwenye nia ataanza na madogo. Aliandike jibu lake kisha alale nalo, kesho alisome upya. Mwenye kosa amwambie inboksi. Kama amemtukana mtu mbele ya umma, amwombe radhi mbele ya umma, asiende kujificha kwenye meseji. Na ampe mtu wake wa karibu ruhusa ya kumwambia "hapo umezidisha", bila kumfukuza kazi.

Wanaoshangilia nao wasijitoe. Matusi yanaleta kiki kwa sababu yana wateja, na wengi wa wateja hao Jumapili wako kanisani wamenyoosha mikono.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama staa fulani amekua kiroho aachane na ile picha ya gauni jeupe. Amuulize dada wa kazi.