Ankara ya kielektroniki iibane serikali pia, si mzabuni tu

Chukua mfano wa mama mfanyabiashara wa Busia, upande wa Kenya. Amepata oda ya kupeleka magunia 30 ya maharage katika shule ya sekondari ya umma. Nusu ya mzigo ameinunua kwa wakulima wa jirani, nusu ameivusha kutoka Uganda. Siku anaposhusha mzigo, mhasibu wa shule hataki risiti ya kuandikwa kwa mkono. Anataka ankara ya eTIMS. Mama anabonyeza *222# kwenye simu yake, anajaza maelezo, ankara inatoka. Papo hapo Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) inajua ameuza nini, kwa nani na kwa kiasi gani.

Na malipo? Anaambiwa arudi mwezi ujao. Akirudi, anaambiwa fedha hazijaingia.

Mfano huu unaelewwka kwa yeyote anayefanya biashara na ofisi za umma, awe Namanga, Mutukula, Rusumo au Busia. Mfumo umefupisha muda wa serikali kumwona mfanyabiashara hadi sekunde chache, lakini haujagusa muda wa serikali kumlipa. Hapo ndipo penye tatizo, na ndipo mjadala wa ankara za kielektroniki unapaswa kuelekea sasa.

Sisemi ankara hizi zifutwe. Ukanda wetu ulishaamua siku nyingi. Tanzania ilianza na mashine za EFD mwaka 2010. Rwanda ikafuata na EBM mwaka 2013. Uganda ikaleta EFRIS kwa waliosajiliwa VAT kuanzia Januari 2021. Kenya, kupitia Sheria ya Fedha ya 2023, ilitaka kila mwenye biashara atoe ankara ya kielektroniki, na kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haitambuliwi wakati wa kukokotoa kodi, isipokuwa kwa makundi machache yaliyosamehewa.

Faida zipo. Mzabuni hewa anayelipwa kwa bidhaa ambazo hazijawahi kufika ghalani anapata shida zaidi ankara inapobeba namba ya mlipakodi na muda ilipotolewa. Mfanyabiashara mwaminifu naye hashindani tena na jirani anayeuza bei ya chini kwa sababu tu anakwepa kodi.

Lakini hasira za wafanyabiashara nazo zina sababu. Kariakoo ilifunga maduka Mei 2023, na malalamiko kuhusu usimamizi wa risiti za EFD yalikuwa miongoni mwa hoja. Kampala ilifunga Aprili 2024, na EFRIS ilikuwa kinara wa malalamiko. Serikali zikijibu kwa kusema watu hawa wanakataa teknolojia, zitakuwa zimekosea. Wengi wao wanapokea na kutuma fedha kwa simu kila siku. Wanachokataa ni mfumo unaowabana upande mmoja.

Tuangalie hesabu. Kenya, mfanyabiashara ambaye mauzo yake yanafika Sh5 milioni kwa mwaka anatakiwa kusajiliwa VAT. Tuseme ameuza madawati ya Sh500,000 kwa taasisi ya umma. VAT ya asilimia 16 ni Sh80,000. Akiondoa VAT aliyokwisha kuwalipa wauzaji wake, salio linatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sheria inahesabu kuanzia ankara ilipotoka au bidhaa zilipofika, haisubiri hundi ya mnunuzi. Kwa hiyo serikali ya kaunti inaweza kuwa haijamlipa hata senti, naye akawa anakopa kuilipia serikali kuu kodi ya madawati ambayo wanafunzi tayari wanayakalia.

Huo si mfano wa kufikirika tu. Madeni ya kaunti za Kenya kwa wazabuni yamekuwa yakitajwa kuzidi Sh150 bilioni. Serikali kuu nayo iliunda kamati mwaka 2023, chini ya aliyekuwa Mkaguzi Mkuu Edward Ouko, kuhakiki madeni yake ya miaka mingi. Wakati huohuo sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tanzania nayo ina tengo la asilimia 30 kwa makundi maalumu. Kumpa kijana zabuni kisha kumkalia malipo mwaka mzima ni kumfilisi. Mtaji wake hauwezi kusubiri kiasi hicho.

Kwa sisi wa mipakani kuna tatizo la pili. Mifumo hii haizungumzi. Ankara ya EFRIS aliyopewa mama wa Busia na muuzaji wa Uganda haiingii eTIMS. Sheria ya Kenya, tangu Desemba 2024, inamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka. Hilo linamsaidia kwa maharage ya jirani zake. Kwa yale yaliyovuka mpaka, ushahidi wake ni nyaraka za forodha.

Ndiyo maana njia ya panya sasa ina gharama ambayo wengi hawajaihesabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, wenye cheti cha uasili kilichorahisishwa. Anayeukwepa ili kuokoa saa mbili anakosa ushahidi wa gharama, na kwa anayelipa kodi ya mapato kwa faida, mauzo yake kwa shule yataonekana yote huku manunuzi hayaonekani. Vivyo hivyo kwa anayepitisha mzigo kwa jina la wakala au dereva. Kwenye karatasi, mzigo ule si wake. Dai nyaraka ziandikwe jina lako, na nakala ibaki kwako.

Hata hivyo, uangalifu wa mfanyabiashara hautoshi. Serikali zetu zina mambo matatu ya kufanya. 

Kwanza, ankara ikipokelewa kwenye mfumo, saa ya malipo ianze kuhesabu. Ofisi iwe na siku chache za kuikataa kwa sababu iliyoandikwa. Ikinyamaza, imekubali, na siku 30 zinaanza. Italia ililazimisha ankara za kielektroniki kwa wazabuni wa umma kuanzia 2014, na ilitumia takwimu za ankara hizo kufuatilia ni taasisi zipi zinachelewesha malipo. Sisi takwimu hizo tunazo. Kilichokosekana ni nia ya kuzielekeza upande wa mnunuzi. Bunge la Seneti la Kenya limewahi kupelekewa muswada wa malipo ya haraka. Urudishwe, na mabunge mengine ya ukanda huu yafanye vivyo hivyo.

Pili, kodi ya ankara iliyotolewa kwa taasisi ya umma idaiwe taasisi hiyo inapolipa. Maofisa wa hazina watasema fedha huchelewa kufika kwenye kaunti na shule. Kama ni hivyo, kodi nayo isubiri. Haiwezekani ukosefu wa fedha uwe sababu kwa mdaiwa mkubwa, lakini usiwe sababu kwa mdogo.

Tatu, mamlaka za mapato za nchi wanachama zitambue ankara za wenzao. Kama namba ya ankara ya Kampala inaweza kuhakikiwa Nairobi na ya Arusha ikahakikiwa Kigali, mama wa Busia hatahitaji kuthibitisha mara mbili kwamba maharage yake aliyanunua.

Wafanyabiashara wamekubali kuonekana na serikali kila wanapouza. Serikali nayo ikubali kuonekana inapodaiwa. Dawa ya deni ni kulipa, na wahenga hawakusema dawa hiyo ni ya wadogo peke yao.