TAMKO LA TAWI: DARAJA TULISHALILIPIA KWENYE PAMPU



Tangu juzi kundi letu halijapoa. Mwenzetu mmoja alituma ujumbe wa sauti akisema Daraja la JPM pale Kigongo–Busisi ni zuri mno kupitwa bure, kwamba kila gari likitoa elfu moja tu serikali itapata fedha za kujenga mengine, na kwamba "Kigamboni wanalipa na hawajafa." Wengine mkamuunga mkono. Wengine mkamtukana, na hilo hatukulipenda. Huyu ni mwanachama hai, kadi yake ameilipia, ana haki ya kusema. Ila hoja yake hatuwezi kuiacha ipite bila kujibiwa, maana tunaisikia hadi vijiweni, na hoja ya kijiweni ikiachwa kwa muda mrefu huwa sheria.

*Tuanzie kwenye pampu.*

Mnakumbuka ile leseni ya gari ya kila mwaka, ile ya kubandika stika kwenye kioo. Ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na watu wakashangilia. Lakini haikufutwa, ilihamishwa: shilingi 40 ziliongezwa kwenye kila lita ya mafuta. Tangu siku hiyo mvuvi wa Mwigobero anayejaza petroli kwenye injini ya mtumbwi analipia leseni ya barabara akiwa katikati ya ziwa. Mwenye mashine ya kusaga kwa dizeli analipia leseni ya mashine isiyo na magurudumu. Bajeti ya 2021/22 ikaongeza shilingi 100 kwa lita, tukaambiwa ni za barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Bajeti ya 2023/24 ikaongeza shilingi 100 nyingine kwa lita, safari hii kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Hapo hatujagusa tozo ya mafuta iliyokuwepo zamani kwa ajili ya Mfuko wa Barabara.

Chukueni nyongeza hizo tatu peke yake. Ni shilingi 240 kwa lita. Kijana wa bodaboda hapa Bweri anayechoma lita tatu kwa siku anatoa shilingi 720 kila siku kabla hajapakia abiria hata mmoja. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi ni shilingi 18,720. Hapewi risiti iliyoandikwa "daraja", lakini ameshalipa. Na anayesema wananchi wanapita bure, tunamwomba akasimame pale kituo cha mafuta nusu saa tu ahesabu.

Daraja lenyewe lina urefu wa takriban kilomita 3, limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, na Rais Samia alilizindua tarehe 19 Juni 2025. Fedha zilitoka hazina ya serikali, yaani kwetu. Sisi hatulibezi. Nani kati yetu aliyewahi kupeleka dagaa Sengerema, Geita au Bukoba hajui foleni ya feri pale Kigongo? Unafika umechelewa kidogo, malori yamekutangulia, mzigo unalala na wewe unalala juu yake. Leo unavuka kwa dakika chache. Hiyo ndiyo faida ya daraja: biashara isiyolala njiani inalipa kodi zaidi, na serikali inachukua chake huko. Ukisimamisha geti la tozo mwanzoni mwa daraja, umeirudisha foleni uliyotumia mabilioni kuiondoa.

*Sasa Kigamboni.*

Hapa tuseme ukweli wote, hata ule usiotusaidia. Lile daraja la Dar es Salaam, lililofunguliwa Aprili 2016 na Hayati Magufuli na kupewa jina la mzee wetu wa Butiama, halikujengwa kama la Busisi. NSSF ilitoa asilimia 60 na serikali asilimia 40. Fedha za NSSF ni za wafanyakazi, ni pensheni zao, na lazima zirudi. Anayewaambia kwamba tozo ya Kigamboni ingeondolewa kesho bila mtu yeyote kuumia anawadanganya.

Swali ni nani arudishe. Mkazi wa Kigamboni hana barabara ya bure ya kwenda mjini iliyo karibu. Akienda Magogoni, feri nayo inalipiwa. Akizunguka kwa Kongowe anamaliza mafuta, na kwenye mafuta, kama tulivyosema, tozo iko pale pale. Kwa hiyo mama anayepeleka mboga sokoni analipa kwenye pampu kama sisi wa Bweri, halafu analipa tena getini kwa sababu tu ya upande wa bahari anaoishi. Daraja la Tanzanite, katika jiji hilo hilo, linapitwa bila kulipa. Wakazi wa Kigamboni walilalamika, mbunge wao wa wakati ule, marehemu Dk. Faustine Ndugulile, akalisemea, na mwaka 2022 viwango vikapunguzwa. Kupunguzwa si kufutwa. Msimamo wa tawi ni kwamba deni la NSSF lilipwe na serikali kutoka fedha za mafuta za nchi nzima, hesabu iwekwe wazi ni kiasi gani kimekusanywa tangu 2016 na kiasi gani kimebaki, na geti liondolewe. Kama ni mchango, basi tuchange wote.

Mzee mmoja wa tawi ametuuliza, sisi wa Mara ya Kigamboni yanatuhusu nini? Yanatuhusu, Mzee wetu. Basi linalotoka stendi ya Bweri alfajiri kwenda Dar es Salaam linapita Chalinze na Kibaha. Huko kuna mpango wa barabara ya haraka kutoka Kibaha hadi Chalinze na kuendelea Morogoro, ijengwe na mwekezaji kwa ubia na irudishe fedha zake kwa tozo. Wanasema wenye magari ndio watakaolipa. Mwenye basi hatoi tozo mfukoni mwake, ndugu zangu. Ataipeleka LATRA kama gharama na kuomba nauli ipande, na utailipa wewe uliyekaa siti ya nyuma na mtoto mapajani.

Hatupingi barabara hiyo. Foleni ya Kibaha tunaijua. Tunachosema ni kwamba barabara ya zamani ibaki ya bure na itengenezwe kweli kweli, isiachwe ikaoza ili watu wasukumwe kwenye ya kulipia. Na mkataba usomwe na wananchi kabla haujasainiwa: miaka mingapi, kwa fedha gani, nani anapandisha bei.

Wale wanaovuka Sirari wanajua tunasema nini. Barabara ya haraka ya Nairobi, kilomita 27, ilianza kutumika 2022. Ilipofika Januari 2024 gari dogo linalopita mwanzo hadi mwisho likawa linalipa shilingi 500 za Kenya, na sababu iliyotolewa ilikuwa kushuka kwa shilingi. Mkataba ukishafungwa kwa dola, dereva analipia hata mambo ya benki kuu. Na Julai mwaka huo huo tozo ya barabara kwenye mafuta ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, kwa wote, hata anayepita chini kwenye barabara ya zamani.

Na kabla hatujaenda mbali: anayekwenda Arusha kutoka hapa kwa njia ya Serengeti analipa kiingilio cha hifadhi ingawa hakwenda kuangalia simba, alikwenda kwenye msiba. Hili nalo liingie kwenye orodha yetu.

*Maagizo ya tawi.* Kamati imeandika barua kwenda wilayani yenye mambo matatu: hakuna tozo Kigongo–Busisi, hesabu za Kigamboni ziwekwe hadharani, na mkataba wa Kibaha–Chalinze usomwe kwanza. Itasomwa kwenye mkutano wa tawi Jumapili saa tisa alasiri, mahali petu pa kawaida, na kila atakayekubali atasaini. Vijana wa bodaboda, bajaji na mitumbwi mje na risiti zenu za mafuta za wiki hii, hata kama zimechafuka. Zitaambatanishwa na barua. Mwenzetu wa ujumbe wa sauti tumempigia simu, atapewa dakika kumi za kutetea hoja yake mbele ya wote. Asizomewe.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi,
Bweri, Musoma.