AJIRA ZA KIDIJITALI: MENEJA WAO, WAKALA WEWE!

Vijana wa Bongo, msikubali danganya toto! Kila kigogo anayeshika kipaza sauti siku hizi anahubiri uchumi wa kidijitali. Waziri akizindua mradi, wimbo ni huo. Benki ikileta mfumo mpya, wimbo ni huo huo. Kampuni za simu, migodi, hospitali, bima, hata ushirika wa korosho, wote wanatuahidi kwamba teknolojia italeta ajira kwa vijana. Swali letu ni fupi: ajira zipi, na kwa vijana wa nani?

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina kadi ya chama. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita usaili Uwanja wa Taifa, na vijana zaidi ya 10,000 wakajaa majukwaani kugombea nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na waombaji wakapita 135,000. Nafasi moja, vijana zaidi ya 80! Kilichobadilika ni kwamba siku hizi barua ya maombi inatumwa kwa mtandao. Zamani foleni ilimkera mkubwa akipita na gari lake. Leo foleni imefichwa ndani ya kompyuta, naye analala usingizi mnono.

Sasa tazama kazi za miradi ya teknolojia zenyewe. Soma matangazo ya meneja mradi wa mifumo, yawe ya benki, ya shirika la umma au ya kampuni ya simu. Mara nyingi utakuta mambo yale yale: digrii, uzoefu wa miaka mitano, cheti cha kigeni, na majina ya wadhamini watatu. Kijana aliyemaliza chuo juzi atapata wapi miaka mitano kama hakuna anayekubali kumpa mwaka wa kwanza?

Na hicho cheti cha kigeni kina kichekesho chake. Cheti kinachotajwa sana ni PMP, kinachotolewa na Project Management Institute, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969. Kwa miaka mingi masharti yake yamemruhusu hata mwenye cheti cha sekondari kufanya mtihani, mradi awe ameongoza miradi kwa miaka mitano. Mwenye digrii ametakiwa awe na mitatu. Yaani Mmarekani mwenye cheti chake anampokea mtu wa sekondari aliyejifunza kazi kwa mikono, lakini mwajiri wa Dar es Salaam anakiazima cheti hicho hicho na kujenga ukuta wa digrii mbele yake! Fundi wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anayefufua simu ambazo wenye duka wameshazizika, hafiki hata mlangoni.

Wakubwa watajibu kwamba kazi ya mradi si mchezo, na meneja asiyejua kazi ataunguza mabilioni. Hilo hatubishi. Lakini kama mnaogopa hasara, pimeni kazi! Mpeni kijana mfumo mbovu, mwambieni autengeneze. Mpeni bajeti na miezi mitatu, mwambieni apange nani afanye nini na lini. Atakayeshindwa aende nyumbani, hatutalia. Tunachokataa ni kipimo cha mdhamini. Mtoto wa mlalahoi mdhamini wake mkubwa ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mtoto wa kigogo mdhamini wake ni rafiki wa baba, na rafiki wa baba ndiye anayekaa kwenye meza ya usaili. Mwenye macho haambiwi tazama.

Fedha zipo? Zipo tele. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa ajili ya Mradi wa Tanzania ya Kidijitali. Mkopo, ndugu zangu, si sadaka. Utalipwa na wewe kwa kodi, kila unaponunua soda na kila unaponunua muda wa maongezi. Basi mlipaji ana haki ya kuuliza: zabuni zilikwenda kwa nani? Watu wangapi waliajiriwa, kwa mikataba ya muda gani? Wageni wangapi, na kila mgeni anamfundisha Mtanzania gani? Hatuombi fadhila hapa. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi. Mipango hiyo ibandikwe hadharani tuisome!

Kijana wa Tandika na Manzese amebakiziwa nini katika karamu hii? Amebakiziwa uwakala na usukani. Benki na kampuni za simu zimemweka kibandani juani, anatoa na kupokea fedha za watu kutwa nzima kwa kamisheni. Mshahara hana, likizo hana, na jambazi akimvamia hasara ni yake. Mwenzake anaendesha gari kwa programu ya simu. Tunakumbuka mwaka 2022, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ilipoweka kikomo cha kamisheni kuwa asilimia 15. Uber ikasitisha huduma. Kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na mwaka 2023 kampuni ikarejea. Kampuni iligoma ikapandishiwa. Dereva akigoma, nani atampandishia?

Halafu likaja lile la Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi mkuu intaneti ilizimwa nchi nzima, na giza hilo likaendelea kwa siku kadhaa. Kijana anayetengeneza programu kwa mteja wa ng'ambo alimjibu nini mteja wake? Serikali inayokopa mamilioni ya dola kujenga mtandao ndiyo hiyo hiyo inayouzima ikiogopa wananchi wake! Hakuna mwekezaji wala mteja atakayekabidhi kazi yake kwa nchi ambayo swichi iko mkononi mwa mwanasiasa.

Madai yetu ni haya, na tunayasema bila kumung'unya maneno. Kila mradi wa teknolojia unaolipwa kwa fedha za umma utangaze mikataba yake na idadi ya vijana walioajiriwa. Usaili upime kazi, na aliyefaulu asiulizwe mdhamini. Kila mradi utenge nafasi za uanagenzi zenye posho, ili mwaka wa kwanza wa uzoefu upatikane hapa hapa. Wakala na dereva wapewe mikataba inayosomeka. Na mtandao usizimwe tena kwa woga wa kisiasa.

Wewe unayesoma gazeti hili kijiweni, usiishie kulikunja. Mgombea akija mtaani kwako na wimbo wa kidijitali, mwulize haya mbele ya watu: mikataba iko wapi, na nani aliajiriwa? Akijikanyaga, umeshapata jibu. Kura yako unayo.