Mama Mzima Barabarani



Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulicheka kabla ya kulifikiri: mama mwenye watoto na jiko kukimbia kilomita 21 ili kuchangisha fedha. Mimi mwenyewe nililicheka.

Ilikuwa hivi. Akina mama wa kanisa letu tuliamua kuichangia zahanati ya jirani kitanda cha kujifungulia na taa ya nguvu za jua. Katika kikao, mama mmoja kijana akasema, “Kwa nini tusikimbie? Kila mmoja atafute watu wa kumwahidi fedha kwa kila kilomita.” Tukaangua kicheko, na changu ndicho kilichosikika zaidi. Nikamwambia, “Mwanangu, kwa magoti haya?”

Usiku ule sikupata usingizi. Nilimkumbuka mzazi mmoja niliyempokea miaka mingi iliyopita, aliyeletwa kwa mkokoteni akitokwa damu baada ya kujifungua nyumbani. Tulimpoteza kabla ya mapambazuko. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi ulimwenguni, na mara nyingi kilichokosekana ni usafiri, mwanga, au dawa iliyo karibu. Je, nilikuwa na haki ya kucheka?

Asubuhi nilijipima shinikizo la damu: 150 kwa 95. Siku mbili zilizofuata halikushuka. Mimi, ninayewahimiza wagonjwa kila siku wafanye mazoezi! Nilikwenda kwa daktari kama mgonjwa mwingine yeyote, akanipa dawa, akaniruhusu kuanza kwa kutembea.

Kilichonitia moyo ni habari ya Margaret Kenyatta, ambaye mumewe alikuwa Rais wa Kenya wakati huo. Mwaka 2014 alianzisha kampeni ya Beyond Zero ili kupunguza vifo vya wazazi na watoto, akichangisha fedha za kliniki zinazotembea kwa ajili ya kaunti zote 47. Machi mwaka huo alikimbia nusu marathoni Nairobi, na Aprili akakimbia marathoni nzima ya London, kilomita 42 na kidogo. Alikuwa na umri wa miaka 50, na ilimchukua zaidi ya saa saba. Washindi walikuwa wamekwisha kuoga na kula. Lakini kliniki zilinunuliwa, na hakuna mzazi aliyehudumiwa humo aliyeuliza mama huyu alikuwa wa ngapi.

Basi nilianza. Saa kumi na moja alfajiri, mara nne kwa juma, kwa miezi mitano. Kwanza nilitembea tu. Kisha nikakimbia dakika moja na kutembea tatu. Mwishowe nikakimbia tatu na kutembea moja. Baba watoto alinung'unika juu ya chai iliyochelewa. Sikubishana naye. Nilimweleza habari za yule mzazi, ambazo sikuwa nimewahi kumsimulia. Kesho yake niliporudi, nilikuta chai imechemka.

Kuna jambo linalowaaibisha akina mama wengi: mkojo kuvuja wakati wa kukimbia. Hutokea sana baada ya uzazi, na kwa wengi husaidika. Kaza misuli kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano, legeza. Rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi kadhaa. Hali ikiendelea, mwone muuguzi au daktari.

Wewe unayetaka kujaribu, pima shinikizo la damu kwanza. Ukiwa mjamzito au umejifungua karibuni, shauriana na mhudumu wako. Vaa viatu vinavyokutosha na sidiria inayoshika vizuri. Kunywa maji usikiapo kiu, wala usijilazimishe, kwani maji kupita kiasi hupunguza chumvi mwilini na huweza kuleta hatari. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na uombe msaada.

Nisiwafiche, kuomba fedha kulinichosha kuliko kukimbia. Tena kamati yetu nusura itumie sehemu kubwa ya michango ya mwanzo kushonesha fulana za kufanana. Ni mjane mmoja, muuza mchicha, aliyesimama na kusema, “Mimi nimetoa shilingi zangu kwa ajili ya kitanda.” Tulikimbia na fulana zetu za nyumbani. Tuliwachagua mama wawili kutunza fedha, kila mchango ukaandikiwa stakabadhi, na hesabu ikasomwa mbele ya wote. Fanyeni hivyo nanyi. Michango ikiingia doa, hata mbio zijazo zimekufa.

Siku ilipofika, nilipofika kilomita ya 17 miguu ilikataa. Yule mama kijana niliyemcheka alikuwa mbele yangu. Aligeuka, akarudi, akanishika mkono, tukatembea pamoja hadi pumzi iliponirudia. Tulimaliza kwa saa tatu na dakika ishirini, nyuma ya wote. Palepale nikamwomba radhi.

Baadhi ya ahadi hazijalipwa hadi leo, lakini kitanda kipo na taa inawaka. Usafiri wa usiku bado hatuna, kwa hiyo tumekubaliana kukimbia tena mwakani.

Ndugu yangu, hata kilomita tano ni mwanzo mwema. Jirani akikuletea wazo la kumsaidia mwingine, likionekana la ajabu, usimcheke haraka. Mwulize kwanza, “Tutaanza lini?”

Tukutane mwezi ujao.