MLENGA SHABAHA SI JANGILI

Dukuduku langu ni kuhusu mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola, ambao hapa nchini umesahauliwa kiasi kwamba watu wengi hawajui kama ni mchezo.

Mimi ni mkazi wa Mikumi, Wilaya ya Kilosa. Katika ujana wangu nilipitia mafunzo ya mgambo. Siku ya kulenga shabaha nilishika nafasi ya kwanza katika kundi letu, na mkufunzi akasema mbele ya wenzangu kwamba mkono wangu umetulia kama jiwe. Nilipigiwa makofi, nikarudi shambani, mambo yakaishia hapo. Silalamiki, maana wakati ule Taifa lilikuwa na kazi nyingi nzito. Linalonikera ni kwamba leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, kijana mwenye mkono kama ule njia yake ni ile ile: makofi, kisha jembe.

Msimu wa mahindi uliopita nilimkuta binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa sekondari, akilinda shamba lao dhidi ya ngedere kwa manati. Vijana waliweka kopo juu ya kisiki, hatua 30 hivi, wakamwambia alipige. Alilipiga mara tano mfululizo. Mzee mwenzangu mmoja akasema, "Huyu akikua atakuwa jangili." Watu wote wakacheka. Mtoto yule hakucheka. Aliweka manati yake mfukoni akaondoka.

Ndugu Mhariri, maneno yale yalinichoma, ingawa naelewa yalikotoka. Sisi wa Mikumi tunaishi ubavuni mwa Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na kwetu silaha ina historia chungu. Nchi yetu ilikuwa na tembo zaidi ya 109,000 mwaka 2009, lakini hesabu ya mwaka 2014 ilikuta wamebaki 43,000 hivi. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, nayo ikasimamishwa baada ya wananchi kulalamika kwamba wameteswa, na mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Kwa hiyo mtu akitajwa kuwa hodari wa kulenga, akili zetu zinakwenda kwenye pembe za ndovu. Lakini je, ni haki kumpa mtoto jina la jangili kwa sababu tu Mungu amempa jicho na mkono?

Kwa wenzetu mtoto wa namna hiyo hupewa bastola ya upepo. Hii haitumii baruti. Inasukuma kijirisasi chenye upana wa milimita 4.5 kwa nguvu ya hewa. Mchezaji husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha, hushika bastola kwa mkono mmoja, na hupiga mara 60 katika muda wa dakika 75. Duara la katikati lenye pointi kumi lina upana wa milimita 11.5 tu, karibu sawa na kifungo cha shati. Anayeshinda ni yule anayeweza kutuliza pumzi, moyo na kidole chake kwa zaidi ya saa nzima. Mwenye hasira na mwenye papara hawafiki popote. Mimi naona hili ni somo la nidhamu kwa vijana wetu kuliko mihadhara mingi tunayowapa.

Tena ni mchezo wenye maisha marefu. Mchezaji wa mpira akifika miaka 35 anaanza kuitwa mzee. Lakini Nino Salukvadze wa Georgia alipata medali ya dhahabu ya bastola katika Olimpiki ya mwaka 1988 huko Seoul akiwa na miaka 19, na mwaka 2024 alikuwa Paris akishindana katika Olimpiki yake ya kumi, akiwa na miaka 55. Katika michezo hiyo hiyo ya Paris, Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye miaka 51, alipata medali ya fedha pamoja na binti mwenzake wa timu, mkono mmoja ukiwa mfukoni.

Yupo pia Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1936 alinyimwa nafasi katika timu ya Olimpiki kwa kuwa alikuwa sajini, si ofisa. Mwaka 1938 bomu la mkono likamharibu mkono wa kulia, mkono aliokuwa akilengea. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto bila kumwambia mtu, akashinda medali ya dhahabu London mwaka 1948, na tena Helsinki mwaka 1952. Ubaguzi wa cheo ulimchelewesha miaka 12, lakini mwisho nchi yake ilimhitaji. Je, sisi tuna masajini wangapi wa aina hiyo ambao hatujawauliza?

Sisi tulipeleka Paris wanamichezo saba, wa mbio, kuogelea na judo. Mlenga shabaha hata mmoja hakuwemo. Medali zetu za Olimpiki mpaka sasa ni mbili tu, za fedha, walizozileta Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kutoka Moscow mwaka 1980. Lakini tuna JWTZ, Polisi, Magereza, JKT, askari wa hifadhi na mgambo, watu ambao kulenga ni sehemu ya kazi yao. Nani atasema kwamba katika watu wote hao hakuna mikono iliyotulia? Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo mwezi Septemba 2025, ni askari wa JWTZ. Kama jeshi linaweza kutoa bingwa wa miguu, kwa nini lisitoe bingwa wa mkono?

Wapo watakaosema kwamba Kilosa ina mafuriko, barabara mbovu na zahanati chache, sasa huyu mzee anataka bastola. Nawajibu kwamba siombi uwanja wa mabilioni. Kwa mita 10 unatosha ukumbi wa shule wakati wa likizo, ukuta imara na visanduku vya chuma vya kuzuia vijirisasi, ambavyo hata vijana wa VETA hapa Mikumi wanaweza kuvichomelea. Bastola moja hutumiwa na watoto wengi kwa zamu.

Wengine watasema tutazagaza silaha vijijini. Hofu hiyo ni ya haki, na mimi siombi Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilegezwe hata kidogo. Bastola hizo zilale kituo cha polisi, zitoke kwa saini, zirudi kwa saini, na mwalimu awe askari. Asiwepo mtoto hata mmoja wa kwenda nayo nyumbani.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu kwa wahusika. Kwanza, Baraza la Michezo la Taifa na Kamati ya Olimpiki wawaeleze wananchi waziwazi njia ya kijana anayetaka kuanza mchezo huu: aende wapi na amwone nani. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliuliza katika ofisi moja nikaambiwa nirudi wiki ijayo, na wiki hiyo haijafika mpaka leo. Pili, majeshi yetu yatoe wakufunzi wachache kwa ajili ya raia, hata waliostaafu. Tatu, lifanyike jaribio katika wilaya moja tu. Kama itaonekana vema liwe Kilosa, ambako watoto wanalinda mashamba kwa manati tangu wakiwa wadogo. Si lazima waanzie Ulaya ya ng'ambo. Nasi hapa wilayani tuna kata yetu iitwayo Ulaya, na pale panatosha kuanzia.

Mwisho, nawaomba wazee wenzangu wa Mikumi na Kilosa tuchunge ndimi zetu. Mtoto akiitwa jangili kila siku, siku moja atakuja mtu mwenye fedha kumtafuta kwa jina hilo hilo, naye hatakuwa na jina jingine la kumjibu. Tumpe jina la mwanamichezo mapema, kabla huyo mtu hajafika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mgambo Mstaafu,
Mikumi, Kilosa.