Jina Si Kipimo

Kuna wenzetu katika chama cha picha wanaoshikilia kwamba tukinunua lenzi ya kamera, hata iwe kuukuu, muradi ina jina kubwa, basi tumemaliza kazi. Mimi nakataa katakata.

Hebu tuangalie lenzi inavyoundwa. Ndani ya bomba lile mna vipande kadhaa vya kioo, pengine kumi au zaidi. Kila kimoja husuguliwa na kung'arishwa hadi kipate umbo lililokadiriwa, kisha vyote hupangwa vitovu vyao vikae kwenye mstari mmoja. Kimoja kikienda upande kidogo tu, picha huwa safi huku na ukungu kule. Kila kiwanda huweka kiasi cha kosa kinachovumilika, na kadiri kiasi hicho kinavyobanwa ndivyo gharama inavyopanda. Kwa hivyo lenzi mbili za jina moja si lazima ziwe pacha.

Zamani mafundi walibahatisha, wakijaribu kioo hiki na kile hadi picha ikubali. Huko Jena, Ujerumani, Carl Zeiss hakuridhika na mtindo huo. Mwaka 1866 alimshirikisha mwanafizikia Ernst Abbe, na kufikia 1872 lenzi za hadubini zao zilikuwa zikiundwa kwa hesabu. Jina lao lilikua kwa sababu ya kipimo, wala si kinyume chake.

Tena, kipimo chenyewe sharti kipimwe. Darubini ya Hubble iliporushwa angani na Wamarekani mwaka 1990, picha zilitoka na ukungu. Kioo chake cha kuakisi nuru, chenye upana wa mita 2.4, kilisuguliwa kwa ustadi mkubwa, lakini kwa umbo lisilofaa. Kisa? Lenzi moja katika chombo cha kukipimia ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Vipimo vingine vilionyesha kasoro, vikapuuzwa! Wanaanga waliirekebisha Desemba 1993.

Sasa, jamani, kama wakubwa hao waliteleza, sisi tutoe pesa za chama kwa kuamini jina tu? Napendekeza hivi. Tubandike magazeti ukutani, tuikalishe kamera juu ya mfuko wa mchanga ikiuelekea ukuta sawasawa, tufungue tundu la lenzi hadi mwisho, tupige. Kisha tulinganishe pembe nne za picha. Pembe moja ikiwa na ukungu, tusimlaumu muuzaji bado: tuigeuze kamera juu chini, tupige tena. Ukungu ukibaki pale pale ukutani, huenda ni sisi tulioiweka vibaya. Ukihama pamoja na kamera, lenzi ni mbovu, turudishe.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwa lenzi, mimi nasema aambiwe, tena apewe na gazeti!