Kabla hujailaumu drili, angalia biti

Vijana wenzangu, drili ya betri mnanunua kwa hela nyingi, halafu biti mnachukua za bei chee. Hapo mimi sikubaliani nanyi.

Juzi nilikuwa Kiwangwa, kijana anafunga banda la kuku. Biti inateleza, vichwa vya skrubu vimelika, yeye analaumu betri. Na vifaranga wanakuja kesho kutwa! Nikaangalia skrubu: kati ya mistari ya msalaba kuna vimistari vingine vidogo vinne. Hiyo inataka biti ya PZ2, imeandikwa ubavuni. Yeye kaweka PH2. Zinafanana, ila hazikai sawasawa. Tulipobadilisha kazi ikaenda, lakini zile zilizolika zilishakuwa hasara.

Skrubu za bati zenye kichwa cha pembe sita zinataka soketi ya sumaku. Nyingi ni milimita 8, ila nenda dukani na skrubu yako mkononi. Kishikio cha biti nacho kiwe na sumaku, kisipwaye. Ukiwa juu ya kenchi, skrubu ikidondoka nani atashuka kuiokota?

Boksi la biti mia achana nalo. Tatu ngumu zinatosha. Jioni zipake mafuta kidogo, upepo wetu wa chumvi hapa Bagamoyo hauna huruma na chuma.